Simu haina tundu la pini, hedifoni ni ya ohm 250: nimepigwa mara mbili ndipo nikaelewa hivi visanduku vya sauti

KwayaNaWaya (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Costa imetufia hapa Boma Ng'ombe, konda anasema nyingine inatoka Moshi "sasa hivi", na sasa hivi ya konda wote tunaijua. Ngoja niutoe huu uzi niliokaa nao tangu masika, wa visanduku vya kutolea sauti ya simu kwenye hedifoni.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Wikiendi nazunguka sharika kati ya Moshi na Usa River, katikati ya wiki niko njiani kwenda Arusha na kurudi, na humo garini ndimo ninamosikiliza nilichorekodi na kuandika pa kukata. Hapa mtoto kalia, hapa besi wamewahi kuingia, hapa mzee kakohoa juu ya "Amina". Nafanya kwa simu, kompyuta inabaki nyumbani Rau.

Sasa mwaka jana Kiborloni kuna jamaa anauza mtumba wa Ulaya: pasi, redio, blenda. Chini ya lundo nikaona waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani. Nikauvuta. Ikatoka beyerdynamic DT 770 PRO, imeandikwa 250 ohm (ohm ni kipimo cha jinsi inavyoukinza umeme), masponji ya masikio yameliwa lakini spika zote mbili nzima. Alianzia elfu sitini, tukamalizana thelathini na mbili. Yeye aliona ni hedifoni ya watoto wa magemu.

Nyumbani nikaichomeka kwenye simu ya mama mkwe, maana yake bado ina tundu. Nikajaza sauti mpaka mwisho. Kwaya ikasikika kama inaimba ng'ambo ya bonde, safi kabisa, lakini ng'ambo ya bonde.

Hesabu yake ni hii, na nawaomba msiiruke kwa sababu ndiyo itakayokuokolea hela. Chukua volti, zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa ohm, unapata nguvu kwa wati. Volti 1 kwenye iafoni ya ohm 32 inatoa miliwati 31. Volti hiyohiyo kwenye ohm 250 inatoa miliwati 4. DT 770 ikipewa miliwati 1 inatoa desibeli 96, kwa hiyo miliwati 4 ni kama 102. Utasema 102 si kelele hiyo? Ni kelele kama ni wimbo wa redioni, ulioshindiliwa studio mpaka kwenye dari. Rekodi mbichi ya kwaya haiko hivyo. Naacha nafasi juu ili sauti ya kwanza wakipaa isipasuke, hivyo sehemu kubwa ya wimbo inakaa desibeli 30 chini ya kilele. Toa 30 kwenye 102, unabaki na 72. Halafu weka injini ya Costa na redio ya dereva.

Kwa hiyo nilikuwa na shida mbili kwa mpigo: simu yangu haina tundu, na hata ingekuwa nalo, nguvu haitoshi. Mimi nilidhani ni moja, na hapo ndipo nilipopigiwa.

Kupigwa kwa kwanza: Arusha, karibu na Stendi Ndogo, kiunganishi cha USB-C kwenda tundu la pini, shilingi elfu tano. Nachomeka, kimya. Muuzaji ananiambia simu yangu ni mbovu. Kumbe viunganishi hivi viko vya aina mbili na kwa macho vinafanana. Kimoja ndani yake kina chipu ya kigeuzi, ile inayopokea namba kutoka kwenye simu na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti. Kingine ni waya mtupu: kinategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha geuzwa kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazina njia hiyo. Nilinunua waya mtupu. Simu haikuwa mbovu.

Nikapata chenye chipu, kikafanya kazi, sauti ikaja. Ndogo, lakini ikaja.

Kupigwa kwa pili kulinichoma zaidi, na kosa ni langu nusu. Nikaona mtandaoni "amplifaya ya hedifoni ya mfukoni", ina betri, ina tundu la USB. Nikalipa. Ikafika kwa basi, nikachomeka waya wa USB kutoka kwenye simu, taa ikawaka, nikashangilia. Simu haikutambua chochote. Lile tundu la USB lilikuwa la kuchaji tu. Amplifaya tupu inataka sauti iingie kwa pini, na simu yangu haina pini, ndiyo maana naihitaji. Nimemnunulia ng'ombe kamba wakati ng'ombe mwenyewe sina.

Mwisho nikaviunganisha vyote: simu, kiunganishi chenye chipu, kiwaya cha pini kwa pini, amplifaya, hedifoni. Nikafunga kwa mpira. Abiria wa kiti cha pembeni akaniuliza kama ni kipimo cha sukari.

Na kikafanya kazi! Mpaka mtandao uliposhuka 2G njiani. Masikioni ikaanza dzz-dzz-dzz, ti-ti-ti, ti-ti-ti, ule mlio wa zamani wa simu ikikaribia redio. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo, inarusha vipande mara 217 kwa sekunde, na kile kiwaya changu cha pini kilikuwa antena nzuri tu. Nikiweka hali ya ndege, kimya. Nikiiondoa, nzi wanarudi.

Costa imefika. Naendelea nikikaa.

ChaliiWaNgaramtoni

Mazee hiyo ya kipimo cha sukari umeniua 😂 Niko hapa nimekaa, endelea chalii yangu.

KwayaNaWaya

Nimepata siti ya dirishani.

Suluhisho lilitoka kwa rafiki yangu anayepandisha wageni mlimani. Mgeni wake alimwachia kisanduku kama zawadi, chenye kigeuzi na amplifaya pamoja, betri yake yenyewe, ukubwa wa pakiti mbili za viberiti. Hakuwa na kazi nacho. Jina la kampuni naliacha, nisije nikaonekana natangaza. Kinaingia kwenye simu kwa waya mfupi wa OTG (njia ya simu kupokea vifaa vya USB), kinatoa kama volti 3. Mara tatu ya volti ni mara tisa ya nguvu, lakini msidhani utasikia mara tisa: ni nyongeza ya desibeli tisa na nusu. Kwangu hizo tisa na nusu ndizo zilizowatoa besi ng'ambo ya bonde wakaja kukaa kiti cha mbele.

Kina taa pia. Inabadilika rangi kufuata namba ya sampuli inayoingia, yaani sauti imepimwa mara ngapi kwa sekunde: nyekundu kwa 44.1 kHz, rangi ya chungwa kwa 48. Nikapiga nyimbo nilizotoa kwenye CD, ambazo ni 44.1 tangu CD izaliwe. Taa ikakaa chungwa. Nikabadili CD, chungwa. Maana yake Android ilikuwa inachukua kila kitu na kukisaga upya kuwa 48 kabla ya kukitoa, ili mlio wa ujumbe na wimbo viweze kuchanganywa pamoja. Nikaweka USB Audio Player PRO, programu inayokuja na kiendeshi chake chenyewe cha USB na kuipita ile njia ya Android. Taa ikawa nyekundu. Kuanzia Android 14 mfumo wenyewe umefungua njia ya kutoa bila kusaga, ila lazima programu ya muziki iiombe.

Sasa wakuu, niseme ukweli. Taa ilipokuwa nyekundu nilisikia tofauti kubwa. Vinanda vimefunguka, hewa, mambo yote yale wanayoandika watu. Siku mbili baadaye nikagundua ile programu kwenye kisanduku ilikuwa inapiga kwa sauti ya juu kidogo kuliko ile ya awali.

FundiMbauda

Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Sikio likipewa kilekile kwa desibeli moja zaidi linasema "ubora". Nimewahi kuwaona watu wazima wanagombana dukani kwangu kisa waya.

Nyongeza kuhusu viunganishi vya elfu tano: usimwamini muuzaji, nenda na njia ya kupima. Kichomeke peke yake, bila hedifoni, kwenye kompyuta yenye tundu la USB-C, halafu angalia orodha ya vifaa vya sauti. Chenye chipu kitajitokeza kama kifaa kipya. Waya mtupu hautajitokeza. Sekunde kumi tu.

Na mwenye uzi, ulisawazishaje sauti ulipolinganisha kisanduku na kiunganishi kidogo? Kwa sikio?

KwayaNaWaya

Kwa sikio mwanzoni, ndiyo maana nikadanganyika. Baadaye nikaazima multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Nikatengeneza faili la mlio wa 50 Hz (multimita za bei rahisi zinapima vizuri karibu na mzunguko wa umeme wa ukutani, ukizipandisha hadi elfu moja zingine zinaanza kuota), nikapima volti kwenye pini ya kile kiunganishi kidogo chenye chipu, halafu kwenye kisanduku, nikarekebisha mpaka zikalingana. Tukatumia iafoni ya kawaida, isiyohitaji nguvu, ili mashindano yawe ya haki.

Mpwa wangu akakaa nyuma yangu, anarusha shilingi mia, anachomeka kimoja au kingine, mimi nabashiri. Mara ishirini. Kabla ya kusawazisha nilikuwa nimepata kumi na saba. Baada ya kusawazisha, kumi na moja. Shilingi yenyewe ingepata kumi.

MekuWaUru

Kwa hiyo kijana unatuambia kisanduku ni uongo?

KwayaNaWaya

Hapana meku. Kwa iafoni nyepesi, na kiunganishi kidogo kilichotengenezwa vizuri, mimi siwezi kukitofautisha na kisanduku. Kwa hedifoni ya ohm 250 na rekodi mbichi, kisanduku ndicho kinachofanya niweze kazi. Ni kama gari la kupanda Machame wakati wa matope. Ukikaa mjini Moshi Double Road unaendesha chochote.

Na faili bovu halitibiki. Niliwahi kutumiwa rekodi ya kwaya iliyopita WhatsApp mara nne. Kisanduku kilinionyesha tu, kwa uwazi kabisa, jinsi ilivyoharibika.

BintiMarangu

Asante kaka kwa uzi. Mimi nina swali la kike la pesa 😀 Kama nina iafoni za ohm 16 za masikioni na natumia bando kusikiliza, ninunue nini?

FundiMbauda

Dada yangu, kiunganishi kidogo chenye chipu, basi. Visanduku vikubwa vyenye nguvu vinaweza hata kukuharibia: iafoni nyepesi zinasikia kila kitu, na amplifaya yenye nguvu nyingi inakuletea shhhh nyuma ya wimbo kama mvua ya mbali. Kama kina swichi ya nguvu ndogo na kubwa, weka ndogo.

Kingine, angalia ohm za kutolea za kifaa chenyewe. Kanuni ya mafundi ni zisizidi moja ya nane ya ohm za iafoni. Iafoni yako ni 16, basi kifaa kisizidi 2. Kikizidi, sauti inapinda, hasa kwenye zile zenye spika zaidi ya moja ndani: mara besi imevimba, mara imekonda, na utalaumu iafoni.

Kuhusu bando: wimbo wa dakika nne wa 320 kbps unakula kama MB 10. Huohuo ukiwa wa ubora wa CD bila kukandamizwa ni kama 42, ukifungwa FLAC (faili linalobanwa bila kupoteza sauti) unashuka, mara nyingi hadi kati ya 25 na 30. Pakua ukiwa na wifi ya ofisini, wasikuone.

BintiMarangu

Nimeona. Na ile adapta ya Apple ya USB-C kwenda pini je? Kuna mtu Arusha ananiuzia, anasema ni orijino. Simu yangu ni Samsung.

FundiMbauda

Ile ina chipu ya kweli ndani na kwenye iPhone ya USB-C inafanya kazi yake vizuri, ile ya soko la Marekani inafika karibu volti 1, ya Ulaya ni nusu yake. Lakini kwenye simu nyingi za Android inatoka ndogo mno, kwa sababu kidhibiti cha sauti kilicho ndani ya ile chipu kinabaki chini na Android hakipandishi. Programu kama aliyoitaja mwenye uzi inaweza kukipandisha, ila ni kwa muziki unaopigwa humo tu, YouTube itabaki inanong'ona. Kwa Samsung tafuta nyingine.

ChaliiWaNgaramtoni

Kwani si mtu anunue hedifoni ya bluetooth tu yaishe? Waya za nini 2G sijui nzi sijui shilingi mia.

KwayaNaWaya

Chalii kwa kusikiliza tu hilo ni jibu zuri, na ndani ya hedifoni ya bluetooth kuna kigeuzi na amplifaya tayari, hesabu yote ya ohm wameshaifanya kiwandani. Mimi linanisumbua jambo moja: kuchelewa. Nikibonyeza kukata pale mtoto alipolia, sauti inafika masikioni baadaye kidogo, nakata "Haleluya" katikati. Kwa kazi ya kuhariri, waya.

MekuWaUru

Mimi nataka kutumia hicho kisanduku kanisani, simu iingie kwenye mixer, maana fundi wetu anapiga nyimbo za vipindi kutoka simu yenye pini iliyolegea, inakwaruza mbele ya watu. Inawezekana?

KwayaNaWaya

Inawezekana, nimefanya. Hapo meku huhitaji nguvu, unahitaji kigeuzi safi na waya mzuri. Mambo mawili tu.

Kwanza usipandishe kisanduku hadi mwisho ukaingiza kwenye tundu la maikrofoni la mixer, kitapasuka sauti hadi wazee watoke nje. Ingiza kwenye tundu la laini, anza chini, panda polepole.

Pili chaja. Siku hiyo niliyofanya, simu ilikuwa imechomekwa chaja ya ukutani na mixer iko ukuta mwingine. Spika zote zikaanza mmmmmm, ibada nzima inatingishika kama kuna mashine ya kusaga nyuma ya madhabahu. Mchungaji akanitazama. Nikakagua waya, nikabadilisha pini, nikatoka jasho. Nilipochomoa chaja, kimya. Umeme ulikuwa unazunguka kutoka ardhi ya ukuta mmoja kwenda ya mwingine, na waya wa sauti ndio ulikuwa daraja. Siku hizi nachaji simu Jumamosi usiku, Jumapili haigusi ukuta.

BintiMarangu

Naomba niseme kidogo kwa sababu kazi yangu ni ya hospitali na haya masikio tunayaona. Mnaongea desibeli 102 kama mnaongea bei ya ndizi. Shirika la Afya Duniani wanasema 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa 83 una saa 20. Endeleeni wenyewe mpaka 95 muone zimebaki dakika ngapi. Mtu anayesikiliza ndani ya Costa anapandisha ili ashinde injini, halafu anashuka stendi masikio yanalia kiii. Kaka wa kwaya, hiyo hedifoni yako inaziba sikio, walau.

KwayaNaWaya

Nimepiga hesabu dada, nimeshtuka: 95 ni saa moja na robo kwa wiki nzima. Masponji mapya nimeagiza, haya yaliyoliwa yanapitisha kelele za gari ndiyo maana napandisha.

MgeniWaHimo

Wakuu nisaidieni. Nimesoma uzi wote, nimepima kiunganishi changu kwenye kompyuta kama alivyosema fundi, kimejitokeza, kwa hiyo chipu ipo. Kwenye simu yangu kinafanya kazi asubuhi, nikisimamisha wimbo nikanywa chai nikirudi kimekufa. Nachomoa nachomeka, wapi. Muuzaji anasema nimekiunguza.

FundiMbauda

Hujaunguza chochote. Simu zingine zina swichi ya OTG kwenye mipangilio, na ukikaa kama dakika kumi bila kutumia inajizima yenyewe ili kutunza betri. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kutafuta andika OTG.

Kama haipo, fungua chaguo za msanidi (developer options) uangalie kama kuna mtu amewasha ile ya kuzuia sauti kupitia USB. Izime.

MgeniWaHimo

Ilikuwa OTG! Nimewasha, sauti imerudi. Na nilikuwa nimeshakifungua kwa wembe nikiangalia kama kimeungua 😭 Sasa kinafanya kazi nikikishika kwa vidole viwili tu.

FundiMbauda

Lete Mbauda, nikulehemie. Usikipinde.